Visukuku vya Coco Beach: cha kuokota, cha kuacha na saa ya kuondoka

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa shule moja ya sekondari, Kinondoni: "Mwanafunzi wangu ameniletea jiwe aliloliokota Coco Beach, lina michirizi inayojipindapinda kama ubongo. Sasa darasa zima linataka twende kutafuta visukuku. Ni kweli pwani ya Dar ina visukuku, au ni matumbawe yaliyokufa juzijuzi? Tunaruhusiwa kuokota? Na nitawapelekaje watoto arobaini kwenye yale mawe bila mtu kuumia?"

Mwalimu, visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka kuwa jiwe, vipo, tena vingi kiasi kwamba kila Jumapili watu wanavikalia wakila mihogo ya kukaanga bila habari. Ule mwamba wa kijivu wenye mashimo unaojitokeza baharini kando ya Toure Drive, na mingine ya jamii yake unayoiona Msasani, Kunduchi na ng'ambo kule Kigamboni, ni matumbawe ya kale yaliyogeuka kuwa jiwe la chokaa. Hayakuchukuliwa na maji kutoka kwingine. Yaliota hapo hapo, yakafia hapo hapo.

Sehemu kubwa ya mwamba huu wa chini wa pwani yetu huhusishwa na kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita. Dunia wakati huo ilikuwa na joto, barafu ya ncha za dunia ilikuwa imepungua, na bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Matumbawe yanataka maji ya joto, masafi, yenye mwanga, na yaliyapata hapa. Baadaye barafu ikarudi, bahari ikashuka, mwamba ukaachwa nchi kavu. Mvua ikaanza kazi yake: maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuiacha tena ndani ya matundu, hata kile kilichokuwa kiota chepesi cha wadudu wa baharini kikashikamana na kuwa jiwe zito. Bahari iliendelea kushuka. Yapata miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko sasa, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mtu angetoka Bagamoyo akafika kwa miguu. Pemba hapana, mkondo wake una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ilibaki kisiwa. Wanafunzi wa jiografia wakilisikia hilo mbele ya mwamba wenyewe hawalisahau.

Umri huo pia unamaliza swali ambalo lazima litaulizwa. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mwanafunzi atakayekujia mbio na "mfupa wa dinosaria" kutoka Coco Beach ameokota mbavu ya ng'ombe ya mtu aliyekula nyama choma. Dinosaria wetu wako Tendaguru, mkoani Lindi, kwenye miamba ya miaka milioni 150 hivi. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakabeba mifupa kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, na mifupa ya dinosaria mmoja mkubwa mno imesimama Berlin hadi leo. Nitarudi kwenye habari hiyo tukifika kwenye sheria.

Sasa jiwe la mwanafunzi wako. Michirizi ya ubongo inaonyesha tu kwamba ni tumbawe la aina fulani. Aina hiyo ilikuwapo wakati ule na ipo leo nje kidogo ya ufukwe. Kinachotofautisha ni hali ya jiwe. Lipime mkononi. Tumbawe lililokufa karibuni ni jeupe au lenye ukijani wa mwani, jepesi kuliko unavyotarajia, na ukilitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kuta nyembambanyembamba zilizo wazi, kati yake hamna kitu. La kale ni zito, rangi yake ni ya maziwa yaliyochacha au kijivu, na yale matundu yamejaa chokaa ngumu inayometameta kidogo juani. Mara nyingi litakuwa limeng'ang'aniwa pembeni na kipande cha mwamba chenye vipande vya kombe na mchanga. Ukiliona hilo, basi limemeguka kutoka ukutani. Watu hupenda kumwagia siki waone kama linatoa povu. Litatoa, na la juzi nalo litatoa, kwa sababu yote ni chokaa. Jaribio hilo halikusaidii kitu hapa.

Lakini ningekuomba usiwapeleke watoto kwa ajili ya kuokota. Wapeleke wakausome ukuta. Chagua sehemu moja yenye upana wa shubiri tatu nne, mwamba ukiwa umeoshwa na maji, kisha wape dakika kumi za kutazama tu. Mahali pazuri wataona mkato wa kombe kubwa la baharini, ukanda mweupe mnene unaopanda na kushuka kama wimbi lililochorwa na mtoto. Pembeni yake vijiti vya matumbawe ya matawi vilivyovunjika na kulala upande mmoja. Na vitundu vya mviringo vilivyotobolewa na chaza wanaochimba mawe. Halafu waulize: tumbawe hili la mviringo limekaa kama lilivyoota, au limepinduka? Likiwa limesimama, kilele juu na kitako chini, hapo ndipo lilipoishi. Likiwa kichwa chini, wimbi la dhoruba lililing'oa na kulibingirisha. Vijiti vilivyolala vinaeleza habari hiyo hiyo. Kwa tofali moja la mwamba mwanafunzi anaweza kueleza mahali palikuwa na maji ya utulivu au mawimbi, na hakung'oa hata punje. Jiwe likishatiwa mfukoni, huwezi tena kujua lilisimama vipi.

Kuna vitu vitakavyowadanganya. Cha kwanza ni zege. Pwani ya Oysterbay imejengewa kuta na ngazi kwa miaka mingi, zikabomoka, na vipande vyake vimelainishwa na mawimbi hadi vinafanana kabisa na mwamba wenye makombe. Tafuta mstari wa kutu au kokoto zenye ncha zilizosagwa kwa mashine. Cha pili ni mchanga wa ufukweni uliogandishwa na chokaa siku za karibuni, jambo la kawaida kwenye pwani za joto. Unaweza kukuta kipande cha chupa ya soda ndani yake. Cha tatu ndicho cha kuangaliwa sana, hasa Kunduchi: vigae vya vyungu, vipande vya sahani za kaure, mawe ya matumbawe yaliyochongwa. Hapo kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa zamani, waliokata matumbawe kujengea na kupachika sahani za Kichina kwenye makaburi yao. Kigae kilichotoka huko si kisukuku wala si takataka. Na mara mojamoja mtu huokota kinundu cha njano kinachopenyeza mwanga na kudhani ni kaharabu, yaani gundi ya miti ya kale sana iliyogeuka kuwa jiwe. Huenda ni sandarusi, ile gundi ya mti iliyozikwa ardhini ambayo karne ya 19 ilichimbwa sana Mrima, pwani ya bara inayotazama Unguja, na kuuzwa kupitia Unguja kwa watengeneza vanishi wa Ulaya na Marekani. Wakati mwingine ina mdudu ndani. Ni changa mno kuitwa kaharabu, lakini ni kitu kizuri cha kumwonyesha mwanafunzi.

Ruhusa. Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964 na kurekebishwa 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, ndiyo maana nikasisitiza vile vigae, pamoja na visukuku vya binadamu na vya wanyama wenye uti wa mgongo. Kuchimba kunahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, na kutoa vitu hivyo nje ya nchi vilevile. Ukweli ni kwamba Tendaguru ndiyo iliyotufundisha kwa nini sheria ya namna hii ina maana. Sasa, makombe na matumbawe si wanyama wenye uti wa mgongo, na mtu anaweza kujenga hoja kwamba kipande kilichodondoka mchangani ni halali kwa yeyote. Mimi sipendi hoja hiyo kwa msafara wa shule. Msimamo wangu ni huu: ukutani hakitolewi kitu, nyundo na patasi zibaki nyumbani, kutoka vile vilivyodondoka, shule nzima ichukue vipande vichache vya kufundishia, si kila mtoto chake, vingine vyote vipigwe picha. Wajulishe ofisi ya serikali ya mtaa mapema, kwa barua ya shule. Watoto arobaini waliovaa sare wakiinama mwambani lazima watu watauliza.

Kwenye visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini hakuna cha kujadili. Ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na hupaswi kuondoka na tumbawe wala kombe, liwe la kale au la jana. Na hata ufukweni kwa kawaida, tumbawe au kombe lililo hai liachwe lilipo. Kama mtoto ana shangazi anayerudi London na anataka kumpa zawadi, ampe kitu kingine: matumbawe magumu yako kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mkaguzi wa uwanja wa ndege hatakaa kubishana naye kama ni kisukuku au la.

Mkikuta mfupa uliogandamana ndani ya mwamba, au fuvu la namna yoyote, msiuguse. Pigeni picha mkiwa mmeweka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa, pigeni nyingine kwa mbali ionekane ni wapi, kisha peleka taarifa Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert au Idara ya Mambo ya Kale. Makumbusho hayo ndiyo yenye fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, kwa hiyo hamtakuwa watu wa kwanza kuwaletea habari ya mfupa. Kama mfupa ni wa binadamu na unaonekana wa siku za karibuni, hilo ni la polisi.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kwenye mawe. Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu, siku zilizo kati ya bamvua moja na jingine, huenda ikawa mita 1 tu, na mwamba hauonekani vizuri. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukadiria mwenyewe: tarehe za mwanzo wa mwezi na zile za katikati. Kubwa zaidi huja karibu na mwezi Machi na Septemba. Na bahati ya shule ni kwamba bamvua la Dar hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, muda ambao watoto wameshakunywa chai. Usikadirie tu lakini. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari hutoa jedwali la kupwa na kujaa kwa mwaka mzima, litumie, na jioni ya kuamkia safari sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kama wametoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi. Wakitoa, safari inaahirishwa.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hayaonekani hata kusogea, na hapo ndipo watu hudanganyika wakaendelea kuchokoa. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: kwenye bamvua la mita 3.5, ndani ya saa hizo mbili peke yake hupanda karibu mita 1.75, yaani kimo cha mtu mzima. Tena hayaji kutoka mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufukwe, na unageuka kukuta njia uliyojia imeshakuwa maji. Kwa hiyo fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na yakigeuka tu, mnaondoka. Msingoje yaonekane. Mtu mzima mmoja asiangalie kisukuku hata kimoja. Kazi yake ni saa na bahari, na akisema tuondoke hakuna wa kuomba dakika tano. Muda huo unatosha makundi mawili ya watoto kumi kumi kwa zamu, kila moja na watu wazima wawili. Waliobaki waende bamvua lijalo, wiki mbili baadaye. Najua usafiri ni gharama, lakini watoto arobaini mwambani kwa pamoja sikushauri hata ukiwa na walimu kumi.

Ningechagua miezi ya kaskazi, Desemba hadi Februari. Kusi ikishika, kuanzia Mei hivi, mawimbi yanapiga mwamba kwa nguvu hata maji yakiwa chini, na wimbi moja kubwa kuliko mengine huja bila kupiga hodi. Masika nayo ina ubaya wake: mito na mifereji ya jiji humwaga baharini kila kitu, na mvua hulegeza mawe.

Mawe yenyewe yana mtego mmoja, nao ni kivuli. Mawimbi hula mwamba usawa wa maji kujaa, hivyo chini panabonyea ndani na juu panabaki paa la mwamba linaloning'inia. Jua la saa tano likiwaka, hapo chini ndipo penye ubaridi, na ndipo kila mtu anapotaka kukaa afungue chakula chake. Usimruhusu yeyote. Paa hilo hukatika siku moja kwa kipande kizima, na kimo cha mita tatu kinatosha kuua. Tazama chini: ukiona mapande yenye nyuso nyeupe safi, zisizo na mwani wala weusi, yameanguka hivi karibuni. Tazama juu: nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, mizizi ya miti iliyojipenyeza ndani yake. Kaeni umbali usiopungua kimo cha ukuta, na zaidi kidogo. Mkitaka kusoma ukuta kwa karibu, tafuteni sehemu ambayo haijabonyea, iliyo fupi kuliko mtu. Na kule juu ukingoni hakuna kukaa miguu ikining'inia ili kupiga picha.

Ndala hazifai. Mwamba wa chokaa uliolika na mvua unakata ngozi kwa kugusa tu, na chini ya mwani unateleza. Raba zenye soli nene ndizo, hata za zamani, pamoja na suruali ndefu. Mtoto akichubuka, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi na sabuni, kila chembe ya mwamba itoke, kwa sababu vidonda vya matumbawe huoza upesi. Beba lita kadhaa za maji kwa kazi hiyo mbali na ya kunywa. Aliyekatwa sana apelekwe hospitali na ulizia chanjo ya pepopunda. Mikono isiingizwe kwenye mashimo wala madimbwi. Kuna samaki anayefanana na jiwe mwenye miiba ya sumu, na kuna konokono wa bahari wenye ganda zuri la umbo la koni ambao wakiwa hai hudunga, wengine sumu yao inaua. Ganda lolote lenye mnyama ndani halishikwi.

Chagua sehemu yenye watu. Vibaka hupenda pembe zilizojificha. Msisogee karibu na maeneo ya jeshi wala Ikulu mkiwa na kamera. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, ya polisi 112, ziwe kwenye simu ya kila mtu mzima.

Vile vipande vichache mtakavyorudi navyo vina chumvi ndani. Mkiviweka kabatini hivyo hivyo, chumvi hutoka nje ikikauka na kumega uso wa jiwe. Viloweke kwenye ndoo ya maji ya bomba, badilisha maji kila siku kwa wiki moja au zaidi, visugue kwa mswaki laini, vianike kivulini. Siki, ndimu na dawa za choo zisiguse. Zitakula kisukuku chenyewe. Kila kipande kipewe namba, na namba hiyo iandikwe pia daftarini pamoja na tarehe, mahali kilipookotwa kwa kutaja alama ambayo haihami, kilikuwa umbali gani kutoka ukutani, kililala mchangani au juu ya mwamba, na jina la aliyekiokota. Picha iliyopigwa kabla hakijainuliwa ipewe namba ile ile. Andikeni kwa penseli, wino wa kalamu za kawaida hautaustahimili unyevu wa Dar.